Somo: Kupima presha ya hewa nyumbani Nairobi

Barometa ya kwanza niliyotundika ukutani ilikuwa ya shaba, ya mtumba. Mshale ulilala kushoto kabisa, penye neno la dhoruba, na nje jua linawaka. Nikadhani ni mbovu, kumbe ilitengenezewa watu wa usawa wa bahari, ambako presha ni hektopaskali (kipimo cha presha ya hewa) 1,013 kwa wastani. Dagoretti Corner, yaliko makao ya Idara ya Hali ya Hewa, ni karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha yake ni 820 hivi. Ndiyo maana chai yetu huchemka kwenye nyuzi 94, si 100.

Hatua ya 1: Chombo. Achana na barometa ya mshale inayoanzia 960. Ulizia Luthuli Avenue sensa ndogo, yaani kihisi cha elektroniki cha presha, kama BMP280, inayosoma kuanzia 300 hadi 1,100. Baadhi ya simu zinayo tayari.

Hatua ya 2: Mahali. Weka ndani, presha ya ndani na ya nje ni moja. Kaa mbali na jua, jiko na dirisha lenye upepo.

Hatua ya 3: Saa. Hapa ndipo wengi hukosea. Huku karibu na ikweta, presha hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari: hujaa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hupwa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ni jua linalopasha joto anga ya juu, na tofauti yake ni hektopaskali 3 hivi. Kwa hiyo soma saa zilezile kila siku. Mimi husoma saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

Hatua ya 4: Daftari. Tarehe, saa, presha, mawingu, mvua. Linganisha saa tisa ya leo na saa tisa ya jana, basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Programu ya simu inasema 1,018, sensa inasema 822. Ipi inadanganya?
Hakuna. Programu imeonyesha presha iliyokokotolewa kana kwamba uko usawa wa bahari, ili Nairobi ilinganishwe na Mombasa. Sensa imekupa presha ya hapo ulipo.

Ikishuka mchana nianue nguo?
La, huko ni kupwa kwa kila siku. Tazama mawingu. Tena usiamini maneno ya kwenye barometa za Ulaya, kwamba presha ya juu ni anga safi. Julai yetu presha huwa juu, kwa sababu mgandamizo mkubwa wa Mascarene, eneo la presha ya juu kusini mwa Bahari ya Hindi, umepata nguvu. Na Julai mnaijua: baridi, mawingu tangu asubuhi, manyunyu.

Barometa ya zebaki je?
Usiitafute. Zebaki ni sumu, na ikimwagika ndani ya nyumba ni taabu kubwa kuiondoa.

Naishi ghorofa ya nane, kuna tofauti?
Ipo. Huku kwetu kila mita 10 za kupanda hupunguza hektopaskali 1 hivi. Ghorofa nane ni kama mita 24, yaani 2 na kitu. Andika ghorofa kwenye jalada la daftari. Ukihama, anza daftari jipya.