Jinsi ya Kuomba Kumlea Mtoto Mwenye Usonji kwa Malezi ya Kambo

Malezi ya kambo si kuasili. Mtoto utakaa naye na kumlea, lakini kisheria hawi wako, na mara nyingi lengo ni arudi kwa wazazi au ndugu zake. Kama hilo hulitaki, omba kuasili.

Anzia ofisi ya ustawi wa jamii. Sema tangu siku ya kwanza kwamba uko tayari kumpokea mtoto mwenye usonji (autism, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia), maana maswali utakayoulizwa yatabadilika. Utajaza fomu, utaambatanisha kitambulisho, cheti cha daktari na majina ya wadhamini. Polisi nao watahakiki rekodi yako, na kwa kawaida ya kila mtu mzima unayeishi naye. Waambie mapema hao unaoishi nao.

Kisha afisa atakuja nyumbani. Usihangaike sana na kupiga deki. Atatazama geti na milango, kwa sababu baadhi ya watoto hawa hutoka bila kuaga na huvutwa na maji. Ataulizia kelele, na nani hushinda nyumbani. Kusema “nitampenda kama wangu” hakutoshi. Eleza utafanya nini akikataa vyakula vyote isipokuwa viwili, au akikesha usiku kucha.

Mafunzo yakipangwa, hudhuria yote, hata kama umelea wako watano.

Ukishaidhinishwa, utapendekezewa mtoto. Hapa ndipo pa kuwa king'ang'anizi. Omba taarifa kwa maandishi: anawasilianaje, kwa maneno, ishara au picha? Nini humtibua, na nini humtuliza? Ana kifafa? Anatumia dawa gani? Ongea pia na anayemlea sasa, kwani faili haliandiki kila kitu. Ukiona hamuwezani, kukataa sasa ni afadhali kuliko kumrudisha baadaye.

Mtembelee mara kadhaa kabla hajahamia. Mpelekee picha za nyumba, kitanda chake na nyuso zenu. Siku ya kumpokea pasiwe na sherehe wala wageni, na blanketi alilolizoea lije bila kufuliwa.

Kabla ya kusaini makubaliano, uliza nani anatoa idhini ya matibabu, kuna posho gani, na nani atamshika ukihitaji kupumzika. Hilo la mwisho lisiachwe kwa ahadi ya mdomo. Tangu hapo andika kwenye daftari usingizi, chakula na vipindi vigumu, ulipeleke kwenye kila kikao cha tathmini.