Mume ameacha kubeti, wewe ufanye nini? Majibu ya fundi cherehani wa Majengo

Mwezi uliopita wateja wawili, kila mmoja kwa siku yake, wameniuliza swali lilelile nikiwa nawapima. Mwanamke akishasimama na tepu kifuani, mikono kainyanyua, husema hata yale asiyoyasema jumuiya. "Mama Glory, nyie mlifanyaje?" Hapa Majengo, Moshi, watu wanajua mume wangu, Baba Glory, alikuwa mtu wa mikeka ya kubeti, na wanaona siku hizi anaegesha bajaji saa moja jioni na kuingia ndani. Amefikisha miezi kumi na tisa, ukitoa siku moja ya Desemba nitakayoieleza huko mbele. Basi naandika mara moja, nisirudie kwa kila anayeleta kitenge.

Kwanza angalia mwenzio yuko wapi. Anayesema "niache nirudishe iliyoliwa, nikiirudisha tu naacha" bado anabeti. Wangu aliimba wimbo huo miaka miwili. Siku aliyokaa kwenye kigoda akasema "hii kitu imenishinda" ndiyo tuliyoanzia, na ninayoyasema hapa ni ya kuanzia siku hiyo.

Anzeni na madeni, yote, kwa maandishi. Tulichukua kaunta buku iliyobaki shuleni kwa Glory. Akanitajia 900,000. Nikaandika, nikasema asante, nikalala macho. Wiki iliyofuata nikamuuliza tena, safari hii tukiwa tunamenya ndizi na hatutazamani usoni, ikafika 1,600,000. Mara ya tatu ilisimama kwenye 2,870,000. Humo mlikuwa na mikopo ya simu, kausha damu mmoja wa stendi, yule mkopeshaji wa riba kali, kaka yake wa Himo, kikoba cha madereva, Mangi mwenye duka la kona, na hela za sare ambazo wazazi walinilipa mimi kabisa mwezi wa kumi na mbili ili watoto wavae Januari. Kwa hiyo tegemea kutajiwa nusu. Aibu hutoka vipandevipande. Ukipiga kelele kwenye kipande cha kwanza, vilivyobaki utaletewa na wanaomdai, mlangoni, mbele ya watoto.

Halafu usilipe. Najua inavyosikika, hasa kama umekulia kwetu ambako deni la mume ni deni la ukoo. Kabla hajaacha nililipa mara mbili, kimyakimya. Mara ya kwanza hela yangu ya mchezo wa kina mama, ule wa kupeana kwa zamu, mara ya pili niliuza overloki yangu, mashine niliyoitafuta miaka minne, ili kausha damu asichukue kochi. Unajua kilichotokea? Alipumua wiki moja, akabeti upya, maana sasa hakuwa na deni. Nilikuwa nimemsafishia uwanja. Sasa hivi madeni analipa yeye, kwa jasho lake, kidogokidogo, na kila anayemdai alimwendea kwa miguu yake akamwambia atalipa kiasi gani kwa wiki. Mangi alikubali 5,000. Kaka wa Himo alitukana kwanza, kisha akakubali. Nililipa mimi moja tu, la sare, kwa sababu wale wazazi walimwamini fundi, hawakumwamini dereva. Hilo nalo liliandikwa kwenye daftari kama deni lake kwangu.

Sasa hela. Hapa ndipo nguvu zako zote ziende. Ukijifanya polisi wa mtu utachoka, naye atajifunza kukukwepa. Simamia njia ambazo hela inapita. Sisi tulikaa tukazihesabu njia zote, kama ninavyohesabu vipande kabla sijakata kitambaa. Abiria wanaolipa kwa simu sasa wanalipa kwenye lipa namba yangu ya ushonaji, nimeiandika kwa rangi nyuma ya kiti cha dereva. Hesabu ya bosi, 20,000 kwa siku, naituma mimi. Taslimu anaileta jioni, anaiweka kwenye kopo la Blue Band, tunaihesabu wote wawili, anabaki na ya mafuta ya asubuhi na 3,000 ya chai na chakula. Mwanzoni alisema anajiona mtoto mdogo. Nikamjibu kwamba nami nilijiona mjinga siku nilipoibeba overloki kwenda kuiuza. Tukanyamaza wote, na kopo likaendelea.

Jambo moja nisisitize: alikubali. Ukimnyang'anya kwa nguvu atakopa nje, na utakuwa umerudi mwanzo. Wakala wa karibu na bajaji aliambiwa na yeye mwenyewe, nikiwa pembeni: "Nikija kuweka hela kwenye simu, nikatalie." Yule kijana wa wakala alicheka, akadhani utani. Baba Glory hakucheka.

Simu ilitusumbua kuliko kopo. Kufuta programu hakutoshi, maana kubeti kunawezekana hata kwa menyu ya kawaida ya simu ya vitufe. Fanyeni hivi. Aingie kwenye kila akaunti ya kubeti, aandikie huduma kwa wateja kwamba ana tatizo la kamari na anataka akaunti ifungwe moja kwa moja, na picha ya jibu aihifadhi. Azuie meseji za ofa, kwa sababu zile za "umepewa dau la bure" huja hasa mtu akishakaa kimya. Kisha pigeni *106# mhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, mkirudia kwa kila mtandao. Kwetu ilitokea laini moja ambayo hata yeye alidai ameisahau. Sikubishana kama ameisahau au la. Tulikwenda kuifunga. Kwa simu janja ipo programu ya bure inaitwa BetBlocker, ya shirika la hisani la Uingereza, inazuia tovuti za kamari kwa muda unaouchagua. Mume wangu aliona bora aachane na simu janja kabisa mwaka wa kwanza. Alitembea na kiswaswadu, madereva wenzake wakamtania mpaka wakachoka.

Nataka nikueleze kuhusu "timu moja tu", maana sentensi hiyo ndiyo iliyomla. Kila Jumapili: "Mama Glory, nimekosa timu moja tu, mkeka ulikuwa umeiva." Nikawa naona kweli ana kipaji, amekaribia. Mtoto wa dada yangu anasomea ualimu wa hesabu pale chuo cha Mwenge; jioni moja alikuja akatuwekea kwenye karatasi ya kukatia paterni. Chukua mkeka wa timu 10, kila moja odi 1.50, yaani ikishinda dau linazidishwa kwa 1.50. Odi hiyo, tuseme ni ya haki kabisa, maana yake timu inashinda mara mbili katika tatu. Ukizidisha zote unapata odi 57 na ushee: dau la 1,000 linakuonyesha zaidi ya 57,000, na macho yanatoka. Lakini katika mikeka 1,000 ya namna hiyo, itakayotiki yote ni kama 17. Itakayochanwa na timu moja tu ni kama 87. Yaani kukosa kwa timu moja hutokea mara tano zaidi ya kupata, na hapo tumewapendelea, kwa sababu kampuni huwa imeshakata faida yake ndani ya odi. Baba Glory aliitazama ile karatasi muda mrefu. "Kwa hiyo sikuwa nakaribia," akasema. Karatasi bado ninayo, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mahubiri yangu yote ya miaka miwili hayakufanya kazi iliyofanywa na karatasi ile.

Na ushindi? Usiule. Kuna siku alipata 380,000, akaja na kilo tatu za nyama na kitenge, nikafurahi, nikapika mpaka jirani akala. Wiki mbili baadaye ziliondoka 500,000. Kitenge kile nilikikata foronya.

Mama mkwe alitaka tuombewe tu, na shemeji alisema kuna mtu wa kijijini amemfunga. Tuliombewa, sikatai. Lakini pia tulikwenda hospitali, na hapo mjini huna kisingizio: KCMC na Mawenzi zote zina huduma ya afya ya akili. Mkienda, mseme wazi "kubeti", msiseme "msongo wa mawazo". Mshauri alinieleza kwamba uraibu wa kamari umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Maneno hayo nilimpelekea mama mkwe kama yalivyo. Aliposikia "ugonjwa" aliacha kuniuliza nimemkosea nini mwanaye. Mshauri huyohuyo alinifundisha kuuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: "Baba Glory, umewahi kufikiria kujiua?" Nilidhani nitampa wazo. Akanijibu ndiyo, mara moja, pale darajani, siku ya hela za sare. Wenye madeni ya kamari wako kwenye hatari hiyo, kwa hiyo uliza kwa maneno hayohayo, bila kuzunguka. Akisema ndiyo na bado analifikiria, usimwache peke yake hata dakika, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Vikundi vya watu wanaoacha kamari vipo duniani. Gamblers Anonymous ilianzia Los Angeles mwaka 1957, na ina mikutano kwa njia ya mtandao. Yeye Kiingereza kinampiga chenga, akampata mzee mmoja wa Pasua aliyeacha pombe zamani. Wanakaa wanakunywa chai. Wanaongea nini sijui, na sijauliza.

Jumamosi ndiyo siku ngumu. Mechi zinaanza mchana, zinakwenda mpaka usiku, na kibanda umiza, pale wanapolipia kutazama mpira, kiko hatua hamsini kutoka kwetu. Kelele za goli zinaingia mpaka chumbani. Usimwambie tu "usiende". Mpe pa kwenda. Wangu anapanda Uru kwa baba yake mdogo, anakata majani ya ng'ombe, anashuka jioni amechoka, ananuka migomba. Mpira hajaacha, ni Yanga wa kufa, lakini anausikiliza kwenye redio nikiwa nashona. Wengine watakuambia aache mpira kabisa. Kwa wao labda. Mimi niliona nikimnyima na Yanga nitakuwa naishi na maiti.

Sasa ile siku ya Desemba. Zilikuwa zimebaki siku tano twende Kibosho kwa Krismasi, hela ya mbuzi imo kwenye kopo, kamili. Alirudi saa tatu usiku, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. "Nimebeti," akasema. "Elfu sitini." Nilikuwa nashika mkasi. Nilitamani kusema yote, ya overloki, ya sare, ya mama yake. Badala yake niliuweka mkasi chini nikauliza matatu tu: kiasi gani, hela ilitoka wapi, na imepita njia gani. Kumbe mwalimu mmoja anayewapeleka watoto wake shule kwa bajaji alimlipa mwezi mzima kwa mkupuo, taslimu, mkononi. Njia hiyo hatukuwa tumeihesabu. Kesho yake yeye mwenyewe alimpigia mwalimu, akaomba malipo yaje kwangu. Tuliandika 60,000 kwenye daftari. Kilio changu nilikwenda kulilia kwa dada yangu, na wewe tafuta mtu kama huyo mapema, asiwe wa upande wake. Mtu akiteleza akakuambia usiku uleule, hayuko tena pale alipokuwa wakati anaficha. Akiteleza akaficha, hapo rudini kwa mshauri.

Kama mna nyumba au kiwanja, hati ikae kwa mtu mnayemwamini nyote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mwenzi hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na unaweza kuomba zuio liwekwe kwenye ardhi hiyo. Na kama anakupiga ili umpe hela, acha kusoma maelezo haya. Chukua watoto, nenda dawati la jinsia polisi.

Watoto tuliwaambia kwa kifupi: baba anaumwa kubeti, anatibiwa, msimpe simu zenu. Glory ndiye anayejumlisha daftari kila mwisho wa mwezi. Baba yake ndiye aliyemwomba.

Deni limeshuka hadi 640,000. Overloki bado sina. Napeleka nguo kwa jirani, 500 kila gauni, na foleni yake ni ndefu msimu wa kipaimara. Juzi Baba Glory alisema ameona iliyotumika kule soko la Memorial, bei nzuri, tukopeshane kidogo. Nikamwonyesha mstari wa Mangi kwenye daftari, ambao bado una 45,000.