Gari linanuka uvundo? Weka perfyumu kando, tafuta maji kwanza

Mvua za Machi mpaka Mei zikianza hapa Kampala, halafu zile za Septemba kuendelea, ukipanda gari la mtu unakutana na ile harufu ya tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Mwenyewe ashazoea haisikii tena, kaninginiza perfyumu tatu kwenye kioo, sasa gari linanuka uvundo na stroberi. Hata mimi nilikuwa hivyo. Toyota Spacio yangu niliipeleka woshingi bei mara mbili wakaosha ndani kwa shampuu, na kila mara ikarudi inanuka zaidi, si wameongeza maji juu ya maji!

Anza asubuhi gari likiwa limelala limefungwa. Fungua mlango mmoja, ingiza kichwa unuse, mbele, nyuma, kisha buti. Halafu toa mati zote ubonyeze kapeti kwa ngumi kila kona, bonyeza kweli, usipapase, maana juu panaweza kuwa pakavu na sponji ya chini imejaa. Kwangu juu palikuwa pakavu kabisa, nilipobonyeza mbele upande wa abiria maji yakatoka katikati ya vidole, rangi ya chai ya rangi.

Palipolowa ndipo panakuambia maji yametoka wapi. Gari zetu nyingi za Japani usukani uko kulia, kwa hiyo esi (AC, kile kipoza hewa) iko nyuma ya dashbodi upande wa kushoto, na ina kampira kadogo ka kutolea maji chini ya gari. Kakiziba, maji yanarudi ndani miguuni mwa abiria hata kama mvua haijanyesha. Washa esi robo saa gari limesimama, uchungulie chini: siku ya joto la unyevu lazima padondoke maji, pakiwa pakavu shuku hako kampira. Kangu nyigu walikuwa wamejenga humo nyumba ya udongo, ssebo, nikachokoa taratibu kwa waya laini na maji yakamwagika kama jagi limepinduka. Usisukume waya kwa nguvu wala kwa kina, utatoboa esi yenyewe ulie.

Lakini ukigusa hayo maji yakawa yanateleza, yana harufu tamutamu na kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafutamafuta, hiyo si mvua, ni kulanti, yale maji ya kupoza injini, inavuja kwenye hita. Angalia kiwango chake injini ikiwa imepoa, uende kwa fundi, hapo siki ya kuondoa harufu haisaidii.

Kama panalowa tu baada ya mvua, nyanyua boneti uangalie chini ya wipa, wanaopaki chini ya mwembe mtakuta majani yameoza yameziba njia ya maji. Mlango nao una kaveera (karatasi ya plastiki) nyuma ya ile panoo, ubao wa ndani, fundi akija kutengeneza kioo au spika analichana na harudishi, maji yanaingia humo. Ukifunga mlango ukasikia chubwi chubwi, zibua vitundu vya chini. Kwenye buti toa spea tairi uone kama shimo lake limegeuka beseni, mara nyingi ni raba ya mlango au gaskiti za taa za nyuma zimekauka.

Bado hujapata? Mtu akae ndani na tochi (watoto wanaipenda sana kazi hii), wewe mwagia maji ya mpira bila presha, dakika chache kila sehemu, ukianzia chini kupanda juu. Ukianza na paa maji yatateremka kila mahali na hutajua yanaingilia wapi.

Ukishaziba ndio ukaushe, si kabla. Kapeti haitoki mpaka utoe siti; nyingi za mbele zina bolti nne, spana namba 14, ila chomoa betri kwanza na usubiri kidogo kwa sababu zile waya za njano chini ya siti ni za eabegi, ule mfuko unaofutuka kwenye ajali, na usiwashe swichi zikiwa zimechomolewa. Kapeti anika juani siku mbili tatu ukiipindua. Kama kutoa siti ni kazi, inua kapeti kwa vipande vya mbao uweke feni ipulize chini yake usiku kucha. Kisha nyunyiza siki na maji nusu kwa nusu, iache ikauke. Jiki usitumie, inafubaza rangi, na kuichanganya na siki ni hatari, inatoa gesi ya sumu.

Filta ya esi kwa Toyota nyingi iko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, nyingine zinatoka Japani na majani ya huko. Nunua mpya pale Kisekka, soko la spea. Halafu zoea kuzima esi dakika tano kabla hujafika, feni uiache ikaushe ndani, na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani usikiache kimebonyezwa siku nzima.

Kapeti likiwa kavu kabisa na bado pananuka, basi kumbuka ulibeba nini. Mimi wiki ya pili nilitoa mukene (dagaa) wa Ggaba chini ya siti ya nyuma, kagunia kazima kalikuwa kametoboka.