Somo: Mche na siku ya kuchuma stroberi, fursadi na entuntunu (tunda dogo la dhahabu linalokua ndani ya ganda jembamba)

Wengi hapa huulizia mbolea kwanza. Naomba tuanze na mche, maana mbolea haileti rangi ambayo mche hauna.

Hatua ya 1: aina. Wekundu, zambarau na weusi wa matunda haya ni anthosayanini, viambata vinavyosifiwa kwa afya. Fursadi nyeupe inavyo kidogo mno hata ikiiva sawasawa, nyeusi imejaa. Miti mingi iliyopandwa kwa ajili ya viwavi wa hariri ilichaguliwa kwa majani yake, hivyo usikate kijiti cha kupanda kabla hujaliona tunda.

Hatua ya 2: subira. Stroberi ikishachumwa haiivi tena. Itazidi kuwa nyekundu ndani ya beseni, lakini sukari haiongezeki. Inua vijani vya kichwani utazame chini yake: pakiwa bado peupe, iache. Fursadi iguse tu. Iliyo tayari huachia yenyewe na kukupaka zambarau kiganjani. Entuntunu ingoje ganda likauke na tunda ligeuke dhahabu, rangi inayotokana na viambata viitwavyo karotenoidi. Ile ya kijani msiwape watoto kabisa, si salama.

Hatua ya 3. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka kivulini.

Maswali

*Mwanachama, Kapchorwa:* Shikamoo mwalimu. Wachuuzi wanataka stroberi zikiwa nusu nyekundu, eti zisipondeke njiani kwenda Kampala.

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Hofu yao ni ya kweli, ila nusu ni mapema mno. Za safari zifike robo tatu. Za nyumbani na za soko la jirani ziache zikolee zote.

*Mwanachama, Busia:* Kwa hiyo bichi haina faida?

*Jibu:* Inayo, ndugu yangu. Stroberi changa ina tanini nyingi zaidi, viambata vya ukakasi, ndiyo maana inakaza ulimi. Tanini hushuka kadiri anthosayanini inavyopanda. Hata hivyo mimi nasimama na iliyoiva, kwa sababu hiyo ndiyo mtoto atakayoimaliza.

*Mwanachama, Mbale:* Nikipika jamu je?

*Jibu:* Moto unapunguza vitamini C, na anthosayanini nayo hupungua jikoni na hata baadaye kabatini. Chemsha kwa muda mfupi, pika kidogo kidogo, na chupa zikae mahali pa baridi pasipo na mwanga.