Kumpima na Kumpanga Majeruhi wa Ajali katika Dakika za Kwanza

Majeruhi wanne wa ajali ya bodaboda wakishushwa kwa pamoja kutoka kwenye pikapu, na zamu ina tabibu mmoja na wauguzi wawili tu, uhai wao hutegemea sana utaratibu utakaofuatwa katika dakika chache za mwanzo. Mwongozo huu ni kwa watumishi wa hospitali za wilaya, ambao hukutana na hali hiyo mara kwa mara.

Muuguzi mwenye uzoefu zaidi asimame mlangoni na kuwapitia wote haraka kabla ya mtu yeyote kuanza kushona jeraha. Mfumo wa rangi wa Afrika Kusini, unaowapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao na unaotumika pia katika nchi nyingine barani, huwapa wekundu, yaani walio katika hatari kubwa zaidi, huduma papo hapo, wa rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, wa manjano ndani ya saa moja na wa kijani ndani ya saa 4. Anayepiga kelele kwa maumivu ya mkono uliovunjika angalau anavuta hewa; aliyelala kimya pembeni, ambaye ndugu zake wanasema amechoka tu, ndiye wa kufikiwa kwanza. Rangi hizo zirudiwe kukaguliwa, kwa kuwa wa manjano anaweza kuwa mwekundu huku akisubiri.

Kwa aliye mwekundu, damu inayobubujika nje izuiwe kwanza kwa kukandamiza, au kwa mkanda wa kubania juu ya jeraha la mguu au mkono, na saa ya kuufunga iandikwe. Kisha muulize jina lake. Akijibu vizuri kwa sauti safi, njia ya hewa iko wazi na ubongo unapata damu. Akikoroma, vuta matapishi na damu kinywani, kisha sukuma taya la chini mbele bila kukunja shingo, ambayo ihesabiwe kuwa imeumia hadi ithibitike vinginevyo.

Funua kifua, hesabu pumzi, sikiliza pande zote mbili, mpe oksijeni. Anayehangaika kupumua, upande mmoja hausikiki na shinikizo la damu linashuka, ana hewa iliyonaswa nje ya pafu inayobana moyo. Huyu asipelekwe eksirei. Kwa mtu mzima, ingiza sindano ndefu kwenye nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, kisha weka mrija wa kifua.

Mzunguko wa damu ndio unaodanganya wengi. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu theluthi moja ya damu yake kabla shinikizo halijashuka, kwa hiyo amini zaidi mapigo yanayokimbia, viganja vya baridi na ukucha unaochukua zaidi ya sekunde 2 kurudisha rangi baada ya kubonyezwa. Itafute damu kifuani, tumboni, kwenye nyonga, kwenye mapaja na nje ya mwili. Pitisha mkono wenye glovu chini ya mgongo, kwani godoro hunyonya damu nyingi bila mtu kuona. Ukishuku nyonga, usiitikise: toa funguo na simu mifukoni, kunja shuka, lizungushe na ulikaze usawa wa mifupa inayochomoza pembeni mwa mapaja ya juu. Weka kanula (mirija ya mshipani) mbili kubwa, chukua sampuli ya kundi la damu na uagize damu mapema, maana dripu nyingi huizimua ile iliyobaki. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10 kisha gramu 1 kwa saa 8, husaidia ikianza ndani ya saa 3 tangu kuumia na yaweza kudhuru baada ya hapo. Kwa hiyo muulize aliyemleta ajali ilitokea saa ngapi.

Pima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kinachotoa alama 3 hadi 15 kwa jinsi anavyofungua macho, kusema na kusogeza viungo; kagua pia mboni na sukari ya damu. Mwenye alama 8 au chini ya hapo hawezi kuilinda njia yake ya hewa. Kata nguo zote, mgeuze kwa watu wanne mgongo uonekane, kisha mfunike blanketi mara moja, kwa sababu mwili ukipoa damu haigandi vizuri.

Hali ikibadilika, anza upya kwenye njia ya hewa. Hospitali ya rufaa ipigiwe simu mara tu inapobainika kuwa upasuaji unahitajika, na barua itaje saa ya ajali, alama za Glasgow za mwanzo na za sasa, dawa zilizotolewa na saa ya kila dozi.