Pumzi ya sekunde tatu: jinsi rubani wa kivita anavyohimili G bila kuzimika

G ni kipimo cha mara ngapi uzito wako wa kawaida unaongezeka ndege ikikata kona. Ukiwa umekaa sebuleni, uko kwenye G 1, na kichwa chako pamoja na helmeti ya rubani vingekuwa na kilo 7 hivi. Kwenye G 9 vinapita kilo 60, yaani mfuko wa saruji juu ya shingo na zaidi. Ndege ya kivita ya F-16 inafika huko ikikata kona. F-5, zile ambazo watu wa Nanyuki huzisikia zikitoka Laikipia, kikomo chake ni G 7.33. Anayeendesha mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, na kinachomfanya abaki macho ni misuli na pumzi zake mwenyewe, huku akili na mikono viko kwenye kazi nyingine kabisa. Kwa kijana anayejiandaa kuingia kwenye mashine ya kuzungusha, ile inayomzoeza rubani G akiwa chini ardhini, kazi yenyewe ni hii.

Damu inakokwenda

Kutoka moyoni hadi kwenye ubongo ni sentimita 30 hivi. Kila G inayoongezeka hupunguza presha ya damu inayofika kichwani kwa takriban milimita 22 za zebaki. Mwenye presha ya kawaida, ambayo namba yake ya juu ni 120, akikaa tu bila kujikaza, anakuwa ameishiwa karibu na G 5. Macho hutangulia, kwa sababu jicho lina presha yake ya ndani ambayo damu lazima iishinde ndipo ipenye. Kwanza rangi hufifia. Kisha giza huja kutoka pembeni, ukawa kama unachungulia kwenye bomba. Kisha huoni kitu, ingawa redio bado unaisikia. Kinachofuata ni kuzimika, yaani kupoteza fahamu.

Hayo ni kama G imepanda polepole. Ubongo una akiba ya oksijeni ya sekunde 5 hivi, na ndege za kisasa zinaweza kuongeza G 6 ndani ya sekunde moja. Hapo unaona vizuri kabisa mpaka akiba iishe, halafu unaondoka bila onyo lolote. Ndiyo sababu anayesubiri macho yamwambie aanze kujikaza amekwisha kuchelewa.

Suruali

Suruali ya kukinga G ina vifuko vya hewa tumboni, mapajani na kwenye vigimbi. Vali hupuliza hewa G inapopanda, vifuko vinabana, damu inazuiwa isirundikane miguuni. Faida yake ni G 1 hadi 1.5 tu; wengi hudhani inafanya kazi yote. Kaza kamba za pembeni ukiwa umesimama mpaka ibane kama soksi mpya, na ukipungua uzito zikazwe upya, kwani suruali iliyolegea hujaa kwa kuchelewa. Ukishakaa kitini, chomeka mpira wa hewa, uvute uone kama umeshika, kisha bonyeza kitufe cha kujaribia na usikie miguu yote miwili inabanwa. Mpira uliochomoka hutambui mpaka unapouhitaji.

Timu ya maonyesho ya Blue Angels ya Jeshi la Majini la Marekani haivai suruali hizi. Rubani wao huegemeza mkono pajani ili ashike usukani bila kutikisika, na vifuko vikijaa vingemsukuma mkono, huku ndege ya mwenzake iko karibu mno. Wanategemea misuli na pumzi peke yake. Mwezi Aprili 2007, huko Beaufort, South Carolina, Kevin Davis, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa maonyesho na timu hiyo, alifariki baada ya kupoteza udhibiti wa ndege kwenye kona ya G kubwa.

Kujikaza na kupumua

Anza kabla ya kuvuta usukani. Egemeza kichwa kwenye kiti, au kiweke mahali unapotaka kibaki, maana ukigeuza shingo katikati ya G 7 unaiumiza. Kaza vigimbi, mapaja, makalio, kisha tumbo, kwa mpangilio huo kutoka chini kwenda juu. Miguu isukume sawasawa. Ukikandamiza pedali moja zaidi, pua ya ndege itakwenda upande.

Vuta pumzi ijae kifua, kisha funga koo. Sauti yake ni ya kwikwi iliyokatwa katikati: "hik". Kama hewa inavuja hata kidogo, koo halijafungwa. Sasa sukuma kifua kama unayetaka kutoa pumzi ikakataa, mfano wa mtu anayejitwika gunia la mahindi. Presha ya kifuani ndiyo inayosaidia moyo kupandisha damu.

Baada ya sekunde 3, badilisha hewa: toa kidogo, vuta, funga tena, yote ndani ya chini ya sekunde moja. Ukishikilia zaidi ya hapo, kifua kilichobana kinazuia damu isirudi moyoni, na moyo unabaki kusukuma hewa, kwa kusema hivyo. Ukibadilisha haraka haraka kwa hofu, presha inaporomoka kila mara kabla haijajijenga. Na wakati wa kubadilisha, miguu na tumbo visilegee hata chembe. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka: pumzi ikitoka, na mapaja yanaachia.

Usizungumze. Neno moja redioni ni hewa inayotoka. Usiachie mpaka ndege irudi G 1, kwa sababu G 4 baada ya G 8 inahisi kama mapumziko, na hapo ndipo watu hulegea.

Macho yakianza kufifia, legeza kwanza usukani, halafu kaza misuli zaidi. Ukizimika, utakuwa haupo kwa sekunde 12 hivi, kisha nyingine kama hizo ukiwa umepumbaa, hujui uko wapi. Kwa kilomita 900 kwa saa, sekunde 25 ni zaidi ya kilomita 6. Mei 2016, juu ya Arizona, mwanafunzi wa F-16 alizimika kwenye G 8.3 na ndege ikainamisha pua kuelekea chini. Mwalimu wake alimpigia kelele redioni. Kompyuta ya kuzuia kugonga ardhi, iliyoanza kutumika kwenye F-16 mwaka 2014, ndiyo iliyonyoosha mabawa na kuvuta ndege juu.

Kabla ya siku yenyewe

Fanya squati na kunyanyua vyuma vya miguu. Kukimbia masafa marefu kupita kiasi hakukusaidii, kwani humzoesha mtu presha ya chini. Kunywa maji ya kutosha. Marubani wengi hujinyima kwa kuogopa kubanwa na mkojo angani, na wanalipa kwa G. Usiruke mlo wala usingizi. Ukikaa wiki kadhaa bila kuruka, uvumilivu unashuka, hivyo ndege za kivita huanza na kona ya nyuzi 90 kwa G 4, kisha nyingine kwa G 6 au 7, kabla ya mazoezi yenyewe. Jihadhari pia na kusukuma usukani mbele halafu kuvuta mara moja: ukisukuma, damu hukimbilia kichwani, mishipa inatanuka na moyo unapunguza mwendo, hivyo ukivuta, G 5 itakupiga kama 7.

Nyumbani zoeza mdundo tu, kitini, kwa nguvu ndogo. Mwenye presha au ngiri asijaribu.

Ukivua nguo jioni ukaona vidoti vyekundu kama harara mikononi na makalioni, ni vimishipa vidogo vilivyopasuka. Huisha vyenyewe kwa siku chache. Kisha sikiliza sauti zilizorekodiwa ndani ya ndege ukiwa na saa mkononi. Walimu hufanya hivyo hivyo: wanahesabu pumzi, na wanatafuta kama "hik" ya kwanza ilisikika kabla ya kona au baada yake.