Umepangiwa kuanzisha mtaa mpya Ugogo? Soma hii kabla hujapakia jenereta

Watumishi wengi wa Anglikana wakipangiwa mtaa mpya, yaani tawi la parishi, huku kwa Wagogo Dodoma vijijini, iwe Bahi, Chamwino au Mpwapwa, wanafika na spika na jenereta, wanapiga mkutano wiki nzima, watu wanaokoka kweli, picha zinarushwa kwenye magrupu ya wasap, afu ukipita Februari pale chini ya mti unakuta mawe ya kukalia tu. Kwa hiyo mimi nasema waumini wahesabiwe Februari. Mvua inanyesha, palizi imechachamaa, ghala limeisha, mtu ana njaa na bado anakuja ibadani, huyo ndo wa kwako. Mengine yote ninayoandika hapa ni ya kukufikisha kwenye huo mwezi ukiwa na watu.

Kabla ya neno lolote la mahubiri, ripoti. Barua ya parishi unayo sawa, ila tafuta mtu anayejulikana pale mfuatane nae, muanze kwa mwenyekiti wa kitongoji, yeye ndo awapeleke kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Ukianzia juu yule wa kitongoji atanuna na ndo jirani yako. Kwa wazee ni mbukwenyi kwanza, salamu ya Kigogo, bwana asifiwe itakuja yenyewe siku nyingine, na ukiwekewa ugali wa uwele na mlenda kula ushibe, usianze kuulizia kama kuna kuku. Pita pia kwa katekista wa Katoliki, kwa ustadhi wa msikitini na kwa Wapentekoste kama wapo, uwaambie umekuja kufanya nini. Kumvuta muumini wa jirani sio ukuaji hata kidogo, ni uhamisho, na aliyehama kwa maneno mawili atahama tena kwa maneno mawili.

Ratiba sasa. Huku tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba Desemba hivi mpaka Aprili, na ikikata katikati kila mtu anajua mwaka huo ni njaa. Usiweke semina ya siku tatu wakati wa palizi, na ibada ya Jumapili iwe mapema na fupi maana wengine watatoka hapo waende shamba utake usitake. Afadhali nawe ulime, hata ekari moja ya uwele, kwanza posho ya mwinjilisti tunaijua ilivyo, pili mkiwa mnapalilia shamba la mjane wawili watatu mnaongea mambo ambayo kanisani mtu hawezi kukwambia. Mkutano wa injili peleka Julai au Agosti watu wameshavuna, ila uliza kwanza siku ya mnada ni lini, ukigongana na mnada wa ng'ombe utahubiria watoto na mbuzi. Uliza pia ngoma za jando zinaanza lini, familia nzima inakuwa huko.

Sadaka usiifikirie kwa noti. Mtu wa kijijini ana debe la mtama, ana karanga, ana alizeti, ana kuku, hela anaipata akiuza. Kwa hiyo tangaza wazi kwamba mazao yanapokelewa na baada ya ibada piga mnada nje pale mlangoni. Jogoo kafungwa miguu kwa kamba ya katani, mzee wa kanisa kamnyanyua juu, anaanzia elfu tano, mwalimu wa shule anasema sita, mama mmoja nyuma huko anasema sita na mia tano kila mtu anacheka, bei inafika elfu tisa mwalimu analipa afu anamrudisha jogoo kwa bibi aliyemtoa. Hela imeingia na bibi ana jogoo wake. Wiki ijayo wanakuja na mayai. Katibu aandike palepale, kitu gani, nani kanunua, shilingi ngapi, na jumla isomwe kabla watu hawajatawanyika, maana kijijini hela isiyosomwa inakuwa stori kilabuni jioni hiyohiyo.

Jengo lisikukimbize, chini ya mti panatosha muda mrefu tu. Cha kuwahi ni eneo. Maombi yanaenda halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, utaratibu uko kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hakikisha muhtasari una mhuri na sahihi na kopi moja iko parishi. Jina liwe la bodi ya wadhamini ya dayosisi, lisiwe la kwako wala la mzee aliyetoa eneo, akifa watoto wake wanakuja na futi kamba. Mkianza kujenga waumini wafyatue tofali wenyewe, hata kama kuna rafiki wa mjini anataka kuleta bati zote. Bati zipokelewe, asante, ila ukuta uwe wa kwao. Na paa lifungwe vizuri kwenye kenchi, upepo wa huku haujali kama ni nyumba ya Mungu.

Kwaya usianze na kinanda. Watu wa zeze na muheme, ngoma ya Kigogo, hawa, waache waimbe Kigogo kwa kupiga makofi na ngoma, kinanda watanunua wakitaka.

Ndoa za mitala zitakuja mapema kuliko unavyodhani, mzee mwenye wake watatu anataka ubatizo. Usiamue peke yako hapo chini ya mti. Kwa sisi Waanglikana mkutano wa Lambeth 1988, ule wa maaskofu wetu wa dunia nzima, ulikubali mtu kama huyo abatizwe na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wanaoamini, kwa masharti asiongeze mwingine na kanisa la mahali liridhie, na asilazimishwe kuwafukuza wake wataokuja kuteseka. Dayosisi yako inaweza kuwa na msimamo wake, muulize pasta, na wale wake nao waulizwe wenyewe, sio mzee awasemee.

La mwisho ni mrithi, na hili lianze mwaka wa kwanza. Wamisionari wa CMS, shirika la Anglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, dayosisi ya Central Tanganyika ikaanzishwa 1927, na askofu Mwafrika wa kwanza wa Anglikana Tanganyika, Yohana Omari, akawekwa wakfu 1955 tu, tena kama askofu msaidizi. Vijijini kote huko waliokuwa wanafundisha watu kusoma na kuwaandaa kwa ubatizo ni Waafrika wenzao. Wewe usichukue muda wote huo. Chagua wawili wanaokaa hapo, mmoja awe mama, anaejua Kigogo vizuri na hana madeni ya watu, daftari la sadaka likae kwa huyo mama sio kwako, zamu za kuhubiri ziandikwe na ziheshimiwe hata kama mahubiri yatayumba, na Jumapili isiyo zamu yako nenda kasali kitongoji cha pili, usikae benchi la mbele unatikisa kichwa.